Kibuyu Kilichokataa Rangi

Ngassa alivaa shati la Krismasi, ingawa ilikuwa Jumanne ya kawaida, vumbi tupu, na watu wa Bariadi walikuwa kwenye mahangaiko yao. Aliposhuka kwenye pikipiki iliyomtoa Sapiwi alijitazama kwenye kioo chake, akaziona mvi za kidevuni, akakikasirikia kioo. Halafu akakumbuka kwamba mwanamke anayemwendea alikwisha kuziona mvi zile mwaka mzima, na hata siku moja hakuzicheka. Moyo ukatulia kidogo.

Nyuma yake ikafika pikipiki ya pili. Hiyo ilimbeba Kija wa Mwamapalala, mama mzazi wa Monika, marehemu mke wa Ngassa. Mtu na mama mkwe wake hawapandi chombo kimoja. Hawatazamani usoni, hawali pamoja, wala hawakai chumba kimoja wakaenea. Ngassa alipomsikia mama yule anashuka, aligeukia ukuta wa kanisa akausoma ule ukuta kana kwamba umeandikwa.

“Mwadila, mayu,” alimsalimia mama kwa Kisukuma, akiuambia ukuta.

“Mwadila,” Kija alijibu. “Ni hapa?”

“Ni hapa, mayu. Chumba cha nyuma.”

“Nipe maji kwanza. Vumbi lote la Itilima limo kooni mwangu. Halafu nimwone huyo wa vibuyu.”

Huyo wa vibuyu aliitwa Milembe. Tuseme wazi, maana mapenzi ya watu wazima hayana haja ya kuzungushwa: Ngassa alimtaka Milembe awe mke, na Milembe alikuwa amekubali, lakini kwa sharti. “Watoto wako wana bibi yao,” alimwambia. “Siingii kwenye nyumba ya Monika mpaka mama yake Monika anifungulie mlango. Nikipita dirishani nitaitwa mwizi mpaka nizeeke.”

Na huko Mwamapalala mlango ulikuwa umekwisha kufungwa. Wazee wa ukoo walikaa wakaamua kwamba kwenye nafasi ya Monika aingie mdogo wake, Minza, ili nyumba isivuje. Minza mwenyewe alikuwa na kijana wake huko Maswa, lakini wenye kukalia viti vya mbele huwa hawaulizi walio chini kama panawauma. Neno la mwisho likaachwa kwa Kija. Naye alisema neno moja tu: atamwona kwanza mwanamke mwenyewe. Macho yake yakimkataa, basi, jina la Milembe lisitajwe tena mbele yake.

Leo ndiyo ilikuwa siku ya macho hayo.

Violeth, fundi mwenzake Milembe, mwanamke mnene mwenye mdomo usiolala, alimkaribisha Kija kivulini upande wa pili wa uwanja, akamletea maji na kiti. Ngassa akapata nafasi ya kuchungulia ndani.

Chumba kilinuka udongo na mbegu za kukaangwa. Rafuni vilipangwa vibuyu vya kila umbo, vingine vimekatwa kuwa bakuli, vingine vina vifuniko, vyekundu, vyeusi, vya buluu, vinang’aa kama vimetoka majini. Juu ya ngozi zao walikimbia paa na kanga, na ng’ombe wenye pembe ndefu za Kisukuma waliokuwa wakila maua ambayo hakuna ng’ombe wa Simiyu aliyewahi kuyaona. Maua hayo yalitoka Meksiko. Yaliletwa na Sista Felisita, mtawa wa kule, aliyeishi parokiani miaka kadhaa na kuwafundisha kina mama kazi ya bibi zake: kukipaka kibuyu mafuta ya mbegu za chia kwa kiganja, kukinyunyizia udongo mweupe uliochujwa, kukipaka rangi, kukisugua kwa jiwe laini la mtoni mpaka kipate moto. Halafu rangi ya pili juu ya ile ya kwanza, na kabla haijakauka, unashika mwiba wa mgunga unachora na kukwangua, ya chini inajitokeza. Sista alirudi kwao. Wakubwa wa kikundi cha kina mama hao, ambao walijua zaidi kupiga picha na vibuyu kuliko kuvishika, nao wakapotea mmoja mmoja. Akabaki Milembe, na Violeth, na vibuyu ambavyo Ngassa alivipanda kwenye ua wa zizi lake na kuvileta kwa gunia.

Ndivyo walivyojuana. Gunia baada ya gunia. Mwanzo alikuwa anatua mzigo na kuondoka. Baadaye alianza kutua mzigo na kukaa. Tangu Monika alipofia njiani, wakati gari la wagonjwa limempeleka bwana fulani kikaoni, Ngassa alikuwa ameacha kukaa na watu. Kila mtu kwake alikuwa na kosa: mwenye gari, mwenye ufunguo wa gari, aliyemweka mwenye ufunguo. Mpaka siku moja Milembe alimpa bakuli alilochora ndama amelala, akamwambia, “Huyu nimemchora nikikufikiria wewe. Na yeye amenuna.” Ngassa alicheka njia nzima. Usiku ule alilala usingizi mzima, na asubuhi akaogopa, maana alijua amepona.

“Umemleta?” Milembe aliuliza sasa, bila kuinua kichwa. Mikono yake ilikuwa myekundu mpaka kwenye viwiko.

“Yuko pale anakunywa maji.”

“Nimevaaje?”

“Vizuri.”

“Hujanitazama.”

Ngassa akamtazama. Alimtazama mpaka Milembe akainamisha shingo na tabasamu likamtoroka pembeni mwa mdomo. “Basi, inatosha,” alisema. “Unitazame kidogo, ubakize na cha kesho. Njoo uone hiki. Kuna kibuyu humu kina kiburi sijapata kuona.”

Akakiinua kutoka mezani. Kilikuwa kibuyu kikubwa, chenye shingo ndefu na tumbo la mviringo. Rangi nyekundu ilikuwa imekitapakaa vibayavibaya, mahali imejikusanya, mahali imeteleza kama maji kwenye jani la gimbi.

“Kizuri kuliko vyote ulivyowahi kuniletea,” Milembe alisema. “Kigumu, kinalia ukikigonga. Lakini hakishiki rangi. Nimepaka, nimerudia, nimesali. Tangu wiki iliyopita hakijakauka. Nimeinjika maji ya majivu hapo nje, yakichemka nakitumbukiza nikichemshe, kitoe kiburi chake.”

Ngassa hakujibu. Chini ya shingo, katika rangi yote ile, palikuwa na mstari ulioachwa mtupu. Palikuwa na ufa, na ufa ulishonwa kwa uzi wa ngozi ya ng’ombe, mishono midogomidogo iliyolala upande mmoja kama wimbi la mtama.

Aliijua mishono ya mkono ule. Aliiona ikishonwa, mwaka ule mtoto wa kwanza alipokiangusha kibuyu cha mama yake cha kusukia maziwa.

“Milembe,” alisema. “Hiki si cha shambani.”

“Cha wapi?”

“Ni cha Monika.”

Ilikuwa hivi. Baada ya msiba hakuweza kukiona kikining’inia juu ya meko, akakipeleka ghalani. Na siku ya kufunga gunia, akikusanya vibuyu gizani mwa ghala, mkono ulikichukua pamoja na vingine. Kibuyu cha kusukia maziwa kimekunywa siagi miaka na miaka, ndani na nje, na moshi wa vijinga juu yake. Mtu yeyote aliyekulia zizini angekigusa tu akajua: hiki hakipakwi kitu. Lakini Milembe alikuwa mtoto wa reli. Alikulia Malampaka stesheni, baba yake akipeperusha bendera, maziwa wakiyanunua kwa chupa. Alichokiona yeye ni kibuyu kizuri kilichozeeka vizuri.

Milembe alikiweka mezani taratibu sana.

“Umeniletea mke wako ndani ya gunia,” alisema, “na hukuniambia.”

“Sikujua. Ni yule kijana wa gari la mizigo alinikimbiza, anapiga honi tu, na mwenyekiti wa kijiji naye alikuwa anataka—”

“Usimtafute mtu, Ngassa. Leo nakuomba usimtafute mtu.” Sauti yake ilikuwa ya chini, ndiyo maana iliuma. “Mimi nimekuwa nikimpaka mwenzangu rangi wiki nzima. Nikimtukana, namwita ana kiburi. Nimemwekea maji ya moto.”

“Hukujua.”

“Mama yake yuko nje.”

Violeth akaingia mbiombio, akafunga mlango kwa mgongo. “Anakuja. Jamani, anatembea kama hakimu. Mbona mmesimama kama mmemwona nyoka?”

Wakamwambia kwa maneno machache. Violeth hakupoteza muda. Alikinyakua kibuyu akakisukuma chini ya meza, nyuma ya gunia. “Hakipo,” alisema. “Hakijawahi kuwepo. Kaeni, tabasamuni.”

Ngassa alishukuru kimoyomoyo. Lakini Milembe aliinama, akakitoa, akakirudisha mezani mahali pa wazi.

“Nianze na huyu mama kwa kuficha?” alisema. “Nitaficha mpaka lini?”

Mlango ukagongwa. Ngassa hakuwa na pa kupita ila pale pale. Akatoka akiwa ametazama chini, mama mkwe akageuza kichwa akampisha. Akakaa kizingitini, uso nje, mgongo ndani. Ndiyo desturi. Jambo kubwa kuliko yote katika maisha yake yaliyobaki lingeamuliwa nyuma ya mgongo wake, naye kazi yake ni kuwatazama kuku wa padri.

Alisikia magoti ya Milembe yakigusa sakafu.

“Mwadila, mayu.”

“Mwadila. Inuka nikuone.” Milembe akainuka. “Kumbe ulivyo mrefu. Hii mikono vipi, umechinja?”

“Ni rangi, mayu.”

“Na hivi ndivyo vyenyewe.” Hatua za Kija zilizunguka chumba polepole. “Huyu ng’ombe anakula nini?”

“Ua la Meksiko, mayu.”

“Ataumwa tumbo.” Violeth akacheka peke yake, akaacha.

Halafu hatua zikasimama. Ngassa alijua zimesimama wapi. Alisikia kibuyu kikiinuliwa, akamsikia mama yule akikinusa mdomo wake kwa pumzi ndefu, kama mtu anavyomnusa mtoto utosini. Kuku mmoja alikuwa akiparura karibu na mguu wake, na Ngassa alitamani awe yule kuku.

“Nilikipanda mimi hiki,” Kija alisema mwishowe. “Nilikikausha mimi, nikampa mwanangu siku anatoka kwangu. Nani amempaka mwanangu rangi?”

“Ni mimi, mayu.”

“Nani alikupa?”

Hapo Ngassa alifumba macho. Kulikuwa na jibu la kweli na rahisi, nalo lilikuwa na jina lake.

“Kilikuwa kwenye vibuyu vyangu vya kazi,” Milembe alisema. “Mkono uliopaka ni wangu. Sikukijua. Kilinikataa nikakilazimisha. Mayu, nisamehe.”

Ngassa aliona aibu. Yeye aliyekuwa na orodha ya wakosaji mpaka wa wilayani, huyu mwanamke alikuwa na mkosaji wa kumkabidhi pale pale mlangoni, akamwacha.

“Mayu,” alisema kuwaambia kuku, “mimi ndiye niliyekitia kwenye gunia. Yeye hana—”

“Nani amesema na wewe?” Kija aliuliza. “Wewe leo ni mgongo tu. Mgongo hauongei.” Kisha kwa Milembe, “Kilikukataa kweli?”

“Kabisa, mayu. Rangi inateleza.”

“Ndivyo alivyokuwa. Nilimwambia huyo wa Sapiwi ana hasira, asiolewe naye. Maneno yakamteleza hivyo hivyo.” Kidole chake kikakwaruza mishono. “Na hapa? Mbona hapa kwenye mshono hujapaka?”

Milembe akasogea karibu na meza.

“Niliuona ule mshono,” alisema. “Nikasema, mtu angeweza kukitupa akapanda kingine, vibuyu si vingi? Lakini alikaa chini akashona, tena kwa subira. Aliyeshona hivi alikipenda. Sikumjua ni nani, mayu. Nikaona tu si haki kumfunika.”

Ngassa alisubiri. Halafu akasikia sauti ambayo hakuisikia hata siku ya mazishi, kwa maana siku ile Kija alikaa mkavu kama kuni: mama yule alikuwa akilia, taratibu, bila kelele, huku akikipapasa kibuyu. Kiganja kilikuwa kikipita kwenye ngozi yake, kikienda na kurudi.

“Nilimfundisha mimi kushona hivyo,” alisema. “Alikuwa mtoto mdogo. Alijichoma vidole vyote.”

“Alishika vizuri, mayu.”

“Eeh. Alishika.” Akapenga kamasi kwenye kanga. “Sasa rangi hii inatoka, au mwanangu ndiyo amekuwa wa Meksiko?”

“Inatoka. Haikupata pa kushika. Mafuta ya uvuguvugu na kitambaa tu, bila kisu, bila majivu.”

“Lete.”

Wakakaa chini wote wawili, Ngassa aliwasikia, kitambaa na kitambaa. Wekundu ulitoka kama jasho. Kija aliuliza habari za mafuta, yanakamuliwaje, Milembe akaeleza, Kija akasema siagi ni bora, Milembe akasema siagi haikauki, mayu, Kija akasema ndiyo maana ni bora. Huyo mama alikuwa ameanza kubishana. Ngassa alimjua miaka mingi, hakubishana na mtu asiyempenda. Wasiompendeza aliwaitikia tu.

“Umewahi kusuka maziwa?” Kija aliuliza.

“Hapana, mayu. Sisi tulikuwa watu wa reli.”

“Mama yako yuko wapi?”

“Wamekwenda wote wawili. Shangazi aliyenilea naye amekwenda.”

“Kwa hiyo ukiolewa, utatokea wapi?”

Milembe akaendelea kufuta.

“Bibi harusi hatokei kwenye stoo,” Kija alisema. “Sikiliza. Nilikuja hapa na neno la kukataa. Neno lenyewe walilipika wazee, mimi nimelibeba tu kama sinia, na njia nzima lilikuwa zito. Nina mtoto ninayeambiwa nimtoe kwa mtu asiyemtaka, na mtu mwenyewe hamtaki. Basi Minza ataenda kwa kijana wake. Na wewe utatoka kwangu.”

“Kwako, mayu?”

“Kwangu, Mwamapalala. Utakaa na mimi, usuke maziwa mpaka mikono hiyo iache wekundu. Siwezi kuwapa wajukuu zangu mama asiyejua siagi inaitikaje kibuyuni. Halafu huyo mgongo atakuja kukuchukua, kama mtu anavyochukua binti kwa mama yake.”

“Ng’ombe, mayu?” Ngassa aliuliza.

“Ng’ombe ulishatoa, na walikuwa wazuri. Wengine mpaka leo wanazaa. Utakuja kwa adabu tu, inatosha.”

Ngassa alitaka kusema neno. Alikuwa na maneno mengi ya uchungu, yamejipanga, yamezoea njia. Ya shukrani alikuwa hana mazoezi nayo. Akashika fremu ya mlango.

“Wabeja, mayu,” alisema. “Wabeja. Kwa yule uliyenipa. Na kwa huyu.”

“Nimesikia,” Kija alisema nyuma yake, na sauti ilikuwa laini. “Sasa tupishe. Maziwa ya jioni hayatungoji.”

“Leo hii?” Violeth aliuliza. “Mnamchukua leo hii?”

“Ulitaka nimchukue akishazeeka?”

Ikawa heka heka. Kanga mbili, kitenge, kikopo cha mafuta ya chia, vikafungwa kwenye furushi. Ngassa alijisogeza pembeni, akageukia ukuta wake wa kanisa ili Kija apite. Kija akapita. Lakini nyuma yake zilikuja hatua nyingine, zikasimama, na hakuna desturi yoyote iliyomkataza kuzitazama hizo. Akageuka.

Macho ya Milembe yalikuwa yamelowa, yanacheka.

“Nilikuja kukuchukua,” Ngassa alimwambia, “na sasa nakusindikiza.”

“Unaumia?”

“Naumia. Ni maumivu mazuri, lakini yanauma.”

“Utakuja lini?”

“Mama aseme.”

“Nakuuliza wewe.”

“Pamba ikishatoka shambani tu. Sitangoja hata kuipima.”

“Usichelewe,” Milembe alisema, akamgusa kifua kwa kidole kimoja, haraka, mahali ambapo hakuna aliyeona isipokuwa Violeth, ambaye huona yote. “Nisije nikazoea kukukosa.”

Walipanda pikipiki moja, mama mbele, binti nyuma, kwa maana hao hawakatazwi. Kibuyu kilikaa katikati yao kimefungwa kwa kanga, cheusi, kinawaka. Milembe aligeuza shingo mpaka pikipiki ilipokata kona ya sokoni.

Ngassa alibaki uwanjani na kuku wa padri.

“Wewe,” Violeth aliita. “Usiniletee machozi hapo. Kuna bakuli ameliacha bichi, rangi hii haingoji harusi. Njoo ushike jiwe.”

Akaingia. Akakaa kwenye mkeka wa Milembe, akapakata bakuli, akaanza kusugua kama alivyoelekezwa, kwa duara dogo dogo, mkono mmoja ukikibeba kibuyu kwa chini. Mara bakuli likaanza kupata joto. Akamkumbuka Monika na uzi wake wa ngozi. Akamkumbuka yule mtawa aliyebeba maua ya bibi zake kuvuka bahari, ambaye Ngassa hakuwahi hata kumsalimia. Na yule mama mkavu kama kuni, aliyetoka Mwamapalala amebeba sinia zito akalitua.

“Asante,” alisema.

Violeth akainua macho. “Unaongea na nani?”

“Na watu,” Ngassa alijibu, akiendelea kusugua. “Wengi.”